Wamama tisa, baiskeli sita: tulivyokwenda Fizi kwa Wenyeheri



Juma lililopita gazeti letu lilichelewa siku mbili, na wengi mlituma watoto kuuliza kama tumefunga. Hatukufunga. Sisi tunaoliandika hatukuweza kukaa kwenye kiti. Tulikuwa tumetoka Fizi kwa baiskeli, kwenda na kurudi, na yeyote aliyewahi kukaa siku mbili juu ya baiskeli ya kubebea makaa anajua tunasema nini. Sasa tumepona, na habari yenyewe ni hii.

Dada yetu mmoja, aliyekimbilia Nyarugusu wakati wa vita na leo yuko Marekani na watoto wake, hututumia sauti kwenye simu kila Jumapili. Mwezi wa saba alitusimulia juu ya jirani yake, bibi mzungu aliyepita miaka sitini, aliyerudi kutoka Japani. Bibi huyo alilipa ndege, akalipa mwongozaji, akapewa baiskeli, kisha akazunguka mashambani siku nyingi, kutoka hekalu moja la zamani la Wabudha mpaka lingine. Kuna kisiwa kwao kinaitwa Shikoku, na juu yake yako mahekalu 88 kwenye njia moja yenye kilomita karibu 1,200. Watu wanaifuata kwa kumheshimu mtawa wao Kukai, aliyefariki mwaka 835. Zamani wote walikwenda kwa miguu. Leo wengine wanapanda basi, na wengine baiskeli kama yule bibi. Yeye mwenyewe si Mbudha. Alisema alitaka kufika polepole mahali ambapo watu wamesali kwa muda mrefu.

Tulicheka sana. Mtu analipa dola ili akasukume baiskeli mlimani! Hapa kwetu baiskeli inasukumwa na asiye na njia nyingine, ikiwa na magunia matatu ya makaa nyuma, na hakuna anayepiga picha. Lakini mama mmoja mzee wa ushirika wetu hakucheka. Aliuliza: "Na sisi je, mahali petu ni wapi?"

Swali hilo lilikaa nasi mpaka tarehe 18 mwezi wa nane. Siku hiyo, kule Uvira, Kadinali Fridolin Ambongo aliwatangaza kuwa Wenyeheri wale wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964: Padri Luigi Carrara, Furere Vittorio Faccin, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Mnajua wenyewe namna ilivyokuwa. Waliokuwa na nauli walikwenda. Sisi wengine tulibaki na redio, watoto na mashamba. Watu walitoka nchi za mbali kuja Uvira kwa ajili ya mambo yaliyotokea hapa penye soko letu, na kati yetu walikuwamo waliozaliwa Baraka ambao hawajawahi kusimama pale kanisani na kuambiwa, ilikuwa hapa. Wala si Wakatoliki wote katika ushirika wetu. Tuko Wamethodisti, tuko Wapentekote, tuko Waislamu. Lakini mji ni wetu sote.

Basi yule mama mzee akasema: kama nauli ya Uvira imetushinda, ya Fizi haitushindi, maana baiskeli hainywi mafuta.

Tulikubaliana wamama tisa. Kati ya tisa, watatu tu walijua kuendesha. Baiskeli tulizopata ni sita, zote za wanaume, zile zenye chuma cha katikati, moja bila breki ya mbele. Tulijifunza kwenye uwanja wa mpira saa kumi na moja alfajiri ili vijana wasituone. Vijana walikuja saa kumi na nusu. Kwa muda wa majuma manne tuliwapa watoto wa mtaa ule kicheko cha bure, na magoti yetu bado yana alama. Mnyororo ulikula pindo la kikwembe cha mtunza sanduku wetu, kikwembe kipya cha sikukuu. Tangu siku hiyo sote tulivaa suruali ndani na kufunga kikwembe juu ya goti.

Maneno nayo hayakukosa. Mama mkwe wa mmoja wetu alituma ujumbe kwamba kizazi cha mwanamke kinahama akipanda baiskeli. Tulimpelekea swali hilo muuguzi anayezalisha wengi wetu. Alituangalia, akasema: "Mnabeba gunia la muhogo mgongoni kutoka shambani na mimba ya miezi minane, hamkuniuliza kitu. Leo mmekaa juu ya kiti mnaniuliza." Tulirudi na jibu hilo kwa mama mkwe. Hajatujibu mpaka leo, lakini alitoa pampu yake ya mkono, ya rangi ya kijani.

Kulikuwa na neno zito kuliko hilo, na lilitoka ndani yetu wenyewe. Mama mmoja alisema: "Mimi njia ya Fizi siipiti bila sababu." Hakuongeza. Hakuna aliyemwuliza. Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 wanajeshi waliingia Fizi wakawatendea wamama na wasichana ubaya ambao kila nyumba inaujua. Mwezi wa pili wa mwaka huo mahakama ya kijeshi ilikaa hapa Baraka, wamama wakasimama wakasema mbele ya majaji, na kanali aliyekuwa mkubwa wao akahukumiwa miaka 20. Neno lenyewe lilisikika mpaka ng'ambo ya bahari, maana mwenye cheo kama kile alikuwa hajahukumiwa hivyo katika eneo letu. Lakini hukumu haikuifuta njia. Wamama wengi wakipita huko wanapanda pikipiki, wanainamisha kichwa, wanasema twende haraka. Sisi tulikuwa tunataka kupita polepole. Tulimwambia yule mama asijilazimishe. Siku tatu mbele ya kuondoka alikuja uwanjani na baiskeli ya mwanae.

Mwongozaji wetu ni katekista aliyepumzika kazi, mzee wa miaka sabini. Amekataa tuandike jina lake. Amesema tumwite Mzee wa Baiskeli, inatosha. Njia ya Baraka na Fizi ameipanda na kuishuka miaka mingi sana akiwa na vitabu vya katekisimu nyuma yake. Alitupa sheria tatu. Mmoja nyuma ya mwingine, asiwepo wa kwenda pembeni kwa mwenzake. Kwenye mlima hakuna kuongea. Na pale atakaposimama yeye, wote wanasimama, hata kama miguu inataka kuendelea. Sheria ya pili ndiyo ilitushinda.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 14 mwezi wa tisa, sikukuu ya Msalaba. Yeye ndiye aliyeichagua. Tulianzia kanisani Baraka, bado giza. Mwenzetu Mwislamu aliuliza kama na yeye aingie. Mzee alimjibu: "Mama, risasi ile haikuuliza dini. Ingia." Alikaa nyuma karibu na mlango, baibui yake ikiwa imepandishwa na kamba ya katani kwa ajili ya pedali.

Mzee alisema kwanza jambo lililotupendeza: "Mimi sikuona. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, mama alikuwa ametuficha porini. Nawapa yale niliyopewa na waliokuwapo." Kisha akasimulia. Ulikuwa wakati wa Mulele. Uvira ilikuwa imeangukia mikono ya waasi tangu mwezi wa tano. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka na miavuli kule Stanleyville, Kisangani ya leo, na hasira ya waasi ikawaka nchi nzima juu ya kila mzungu na kila aliyefanana na mzungu. Siku nne baadaye gari la jeep lilifika misioni ya Baraka. Furere Vittorio aliamriwa kupanda. Alikataa. Wakampiga risasi. Padri Luigi alikuwa ndani akiungamisha watu. Alisikia, akatoka. Na yeye akaambiwa apande gari. Aliona mwenzake yuko chini, akapiga magoti karibu naye, akasema atabaki hapo. Wakampiga na yeye. Padri alikuwa na miaka 31, furere 30.

Mama mmoja kati yetu ana kijana wa miaka 30, anauza vitu vya simu sokoni. Alitoka nje mbele ya wengine, akaanza kukaza upepo wa tairi ambalo lilikuwa limejaa.

Kutoka Baraka barabara kwanza ni laini, na tuliendesha kama wafalme. Watu walitoka milangoni. Wamama waliokuwa wakienda shambani walipiga vigelegele, watoto walikimbia nyuma yetu, na wanaume wawili watatu walituuliza waume wetu wako wapi. Mwenyekiti wetu aliwajibu kwamba wako nyumbani wanapika. Kwa wawili ilikuwa kweli.

Kisha mlima ukaanza. Fizi iko juu, sisi tunaishi chini kando ya ziwa, na kilomita zaidi ya thelathini zinazobaki katikati hazina huruma na baiskeli ya gia moja. Wale watatu waliokuwa wanabebwa nyuma walishuka. Baadaye kidogo wote walishuka. Tulisukuma. Vumbi la kiangazi lilikuwa limefika kwenye kifundo cha mguu, na kila pikipiki iliyopita ilitupaka upya. Hapo ndipo tulipowaheshimu vijana wa makaa. Tulikutana na mmoja akishuka na magunia yake, amefunga gogo nyuma liburute chini kuwa breki. Alituangalia, akasema: "Wamama, mmepotea?"

Kwenye kona moja ya juu Mzee alisimama, na sisi tukasimama, tukageuka. Ghuba yote ilikuwa chini yetu, na ng'ambo ya maji mgongo wa Ubwari umelala kama mamba. Wenzetu wa Ubwari mtatusamehe: tumeishi mbele ya milima yenu miaka yote bila kuitazama vizuri. Mzee alituambia kwamba Waingereza Burton na Speke walipita hapa kwa mtumbwi mwaka 1858, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Ghuba yetu mpaka leo inaitwa kwa jina lake kwenye ramani, naye hakujua kama kule nyuma imeshikana na nchi. Angekuwa na baiskeli angejua.

Hapo kwenye kona Mzee alitueleza habari za zamani kuliko zile za 1964. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika ziwani mwaka 1879 wakakaa Rumonge, ng'ambo ya Burundi, na tarehe 4 Mei 1881 watatu wa misioni hiyo waliuawa huko. Wengine walikaa upande wetu, kwa Wamasanze, kisha mwaka 1883 wakafungua misioni ya Kibanga. Miaka kama kumi baadaye waliihama kwa sababu ya magonjwa, wakaenda kusini, kule Kirungu karibu na Moba. Biashara ya watumwa ilikuwa bado inapita kwenye ziwa hili. Misioni ilikuwa inawakomboa watoto kwa vitambaa na shanga, inawalea, inawafundisha, na baadaye inawaozesha wao kwa wao. Mzee aliyasema hayo kwa moyo mzuri, kwa sababu Ukristo wa eneo letu una mizizi kule.

Mama mzee alimwuliza: "Na mama zao?"

"Mama zao nani?"

"Mama za watoto waliokombolewa."

Mzee alikaa kimya. Akasema, hilo katika vitabu vyangu halimo. Tulinywa maji, tukaendelea kusukuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sheria ya pili ilifuatwa.

Hatutaandika kila kilomita. Mpira wa ndani ulipasuka mara mbili, na mara ya pili hakukuwa na kwado karibu, tukaziba wenyewe kwa kipande cha ndala na gundi. Kwenye kijiji kimoja mwenzetu Mwislamu alitupeleka kwenye msikiti mdogo ulio kando ya njia; wamama wa pale walitupa maji ya kunawa uso na ndizi, wakatucheka vizuri. Hatukutegemea kupumzika pale, na ndipo tulipopumzika kuliko popote. Mzee wetu katekista alilala usingizi chini ya mwembe wa msikiti mpaka tukamwamsha.

Kisha kamba. Imefungwa kukatiza barabara, kijana mmoja mwenye bunduki amekaa kwenye jiwe. Yule mama aliyekuwa amesema hapiti njia hii bila sababu alikuwa wa pili kwenye mstari. Tuliona mikono yake ilivyokaza usukani. Kijana aliomba franka. Mzee alieleza kwamba tunakwenda kusali. Kijana alihesabu kwa kidole, wamama tisa, baiskeli sita, akauliza baiskeli ni za nani. Ndipo mama yule akasema, kwa sauti ambayo hatukuijua: "Mtoto wangu, fungua njia." Akafungua. Pengine na yeye alikuwa mchovu wa kukaa kwenye jiwe. Mita mia moja mbele mama alishuka, akakaa chini, akavua kitambaa cha kichwa akajifuta uso. Tulikaa naye. Mzee alikwenda kusimama mbali kidogo na kuangalia mnyororo wa baiskeli yake kwa muda mrefu. Tumemshukuru kwa hilo.

Tuliingia Fizi saa nane. Wamama wenzetu wa pale walikuwa wanatungoja tangu saa tano, bugali limepoa mara mbili na kupashwa moto mara mbili. Lakini Mzee alisema kwanza mahali, kisha chakula. Hivyo tulikwenda misioni tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Gari lile la Baraka lilifika Fizi jioni ya siku ileile. Walibisha mlango. Padri Giovanni Didonè, mwenye miaka 34, alifungua mwenyewe, wakampiga risasi pale mlangoni. Kisha wakampiga Padri Albert Joubert, miaka 56. Mzee alituambia tumwangalie sana huyu wa mwisho, kwa sababu watu wanasema "wazungu wanne" na si kweli. Padri Albert alizaliwa mwaka 1908 Mrumbi, huko Moba, kwenye ziwa hilihili. Baba yake alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuja kulinda misioni dhidi ya wawindaji wa watumwa. Mama yake aliitwa Agnes Atakaye, binti wa huku kwetu. Walioana mwaka 1888.

"Huyo jina lake limeandikwa," alisema mama mzee.

"Limeandikwa," Mzee alijibu.

Siku tatu baada ya hao wanne, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa kule Isiro. Yeye tunamjua wote, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na wengi wetu tuna binti ao mjukuu mwenye jina lake tangu alipotangazwa Mwenyeheri mwaka 1985. Yote hayo yalitokea katika juma moja. Tulisimama pale tukawahesabu, na tulikuwa bado tumewashika mkononi wale wanne, wa tano akaja. Kisha mmoja wetu akataja shangazi yake aliyekufa porini mwaka uleule wa Mulele na mtoto mgongoni. Mwingine akataja Makobola, siku zile za mwisho wa mwaka 1998. Na ikawa hatuwezi kuacha. Mzee alikuwa amepanga sala fupi. Ilichukua saa nzima, na sehemu kubwa ilikuwa majina.

Usiku tulilala kwa wamama wa Fizi, kwenye mikeka, watu kumi na saba chumba kimoja. Tulikula sombe na ndagala. Mwenyeji mmoja aliuliza kama tulipita njia yote bila kuogopa. Yule mama wetu alijibu: "Niliogopa yote." Baada ya hapo taa ilizimwa na watu wakaanza kusema. Yaliyosemwa usiku ule si ya gazeti. Tunaandika hili tu: wamama wa Baraka na wamama wa Fizi wanakutana sokoni kila mara, wanauziana mafuta ya mawese na mchele, na hawakuwa wamewahi kusema. Karibu na mapambazuko mmoja wa wenyeji aliuliza kwa nini wale wanne wana siku yao kwenye kalenda, na wa kwao hawana hata daftari. Hakuuliza kwa wivu. Alikuwa amewasha mshumaa kwa ajili yao mchana ule pamoja nasi.

Kushuka siku ya pili kulikuwa raha na hofu kwa wakati mmoja. Baiskeli isiyo na breki ya mbele tulimpa Mzee, kwa heshima, kwa kuwa yeye ndiye anayejua njia. Katibu wetu alianguka kwenye mtaro, akatoka na mche wa muhogo mkononi kama amekwenda kuuchukua. Mvua ya kwanza ilitukuta tukiwa karibu na mji. Vumbi likawa tope, tukafika Baraka hatujulikani hata na watoto wetu. Mume wa mwenyekiti alikuwa kweli amepika. Maharagwe yalikuwa na chumvi nyingi, tukayala yote.

Wengine wametuuliza kama tulifanya hija ao tulifanya matembezi. Hatujui tofauti iko wapi. Yule bibi wa Marekani pengine hajui vilevile. Tunachojua ni kwamba kwa pikipiki tungefika Fizi mapema asubuhi ileile, tusingemwona kijana wa gogo, wala kulala chini ya mwembe wa msikiti, na lile swali la mama mzee lingebaki nyuma kwenye vumbi.

Daftari limenunuliwa. Ni lile kubwa la kurasa 200, liko kwa katibu, karibu na ofisi ya ushirika. Tunaandika jina la marehemu, jina la mama yake kama linajulikana, mahali, na mwaka. Hatuandiki aliyemwua. Tulibishana sana juu ya hilo mbele ya kukubaliana, na wapo bado wasioridhika. Waje mkutanoni Alhamisi waseme. Mpaka Jumatano jioni majina yalikuwa 43. Wamama wa Fizi wamefungua la kwao. Asiyejua kuandika aje na mtoto wa shule, ao aje tu, katibu ataandika.

Safari ya pili tunataka iwe ya Ubwari, tukaone kama kweli si kisiwa. Mzee wa Baiskeli amekubali, lakini amesema sharti baiskeli zote ziwe na breki. Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa alfajiri, uwanja uleule, na vijana watakuwapo kama kawaida.

Pampu ya kijani ilibaki Fizi. Mwenye safari ya huko juma hili tafadhali aichukue kwa wenyeji wetu, maana mwenyewe ameanza kuiulizia.